Figo Inayovujisha Protini: Sindromu ya Nefrotiki kwa Watoto

Mtoto anaamka asubuhi kope zimevimba. Kufikia jioni uvimbe umeshuka miguuni. Mkojo wake una povu jingi, na ukipimwa hukutwa na protini nyingi. Hizi ni dalili za sindromu ya nefrotiki. Ili uielewe, rejea kwanza uchujaji wa damu katika figo.

1. Chujio la kawaida
Kila figo ina nefroni zipatazo milioni 1. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna glomerulasi, yaani fundo la kapilari ndani ya kapsuli ya Bowman. Ukuta wa chujio una matabaka 3: seli za kapilari zenye vitundu, utando wa msingi, na seli ziitwazo podosaiti. Podosaiti zina vijiguu vinavyopishana kama vidole, vikiacha mianya myembamba. Maji, glukosi, chumvi na urea hupita. Seli za damu na protini kubwa, kama albumini, hubaki.

2. Mabadiliko ya tishu
(a) Mabadiliko madogo: ndiyo aina inayowapata watoto wengi. Kwa hadubini ya mwanga, glomerulasi huonekana nzima. Hadubini ya elektroni huonyesha vijiguu vya podosaiti vimebapa na mianya imeharibika, hivyo albumini hupenya. Mara nyingi hutulia kwa prednisoloni, ingawa huweza kurudi.
(b) Makovu: sehemu za baadhi ya glomerulasi hupata makovu. Mara nyingi aina hii haitulii kwa dawa hiyo, na figo huweza kushindwa kazi.

3. Kwa nini mwili huvimba?
Albumini ikipungua katika damu, nguvu ya osmosi ya kuvuta maji yarudi kwenye kapilari hupungua. Maji hubaki katika tishu. Figo nazo hubakiza chumvi na maji, uvimbe ukazidi.

Epuka kosa hili: Usiandike kwamba figo "imeziba". Chujio linavuja.

Swali: Kipande cha figo ya mtoto aliyevimba kilionekana hakina kasoro kwa hadubini ya mwanga. Je, ni sahihi kusema figo yake ni nzima?

Jibu: Si sahihi. Vijiguu vya podosaiti ni vidogo mno kuonekana kwa hadubini hiyo. Protini nyingi katika mkojo ni ushahidi kwamba chujio limeharibika, hivyo mtoto anahitaji matibabu.