Milimita Moja ya Mninga

Mninga hauna haraka. Mti wenye unene wa kutoa ubao mpana wa paneli ya mlango umeishi kwenye miombo ya Katavi kwa miaka inayokaribia 100, ukiunguzwa na moto wa kiangazi na kuchipua upya tangu ulipokuwa mche. Ukishafika karakana, hatima yake huamuliwa kwa sekunde chache. Biti ya rauta, mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, ikipanda milimita moja kupita inapotakiwa, mfuo hukaa upande, ulimi hucheza ndani yake, na kipande kilichopaswa kuwa mlango wa sebule huishia kuwa mguu wa kigoda.

Kwa hiyo kifaa cha kupandisha na kushusha biti nakichukulia kwa uzito mkubwa, hasa kwa fundi wa mji wa Mpanda, Katavi, mwenye karakana ya mabati uani kwake, Majengo, Makanyagio au Nsemulwa, anayetengeneza milango ya paneli, makabati na vitanda kwa oda. Mbao anayoishika inazidi kuwa adimu. Mkurungu, ndugu wa mninga, ambao ulivunwa kwa pupa katika mikoa ya magharibi, uliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo. Masharti hayo yanahusu mbao zinazovuka mpaka, lakini hata mbao isiyotoka nje ya mkoa inahitaji kibali cha kuvunwa na hati ya kusafirishwa kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Ubao ulioharibika mezani umelipiwa yote hayo.

Rauta ikishikwa mkononi hupita juu ya mbao. Ikigeuzwa kichwa chini na kufungwa chini ya meza, mbao ndiyo inayopita juu yake, na fundi anapata mikono miwili na fensi ya kuegemeza kazi. Ugumu unabaki mmoja: kuweka kimo cha biti. Bila lifti, fundi hupiga magoti, hulegeza kufuli, husukuma mashine ya kilo tano au sita kwa kiganja, hukaza, huinuka kupima, kisha hurudi chini kwa sababu imezidi kidogo. Lifti ya rauta huondoa kazi hiyo. Ni fremu ya chuma au aluminiamu iliyofungwa chini ya bamba la meza, yenye nguzo za kuongoza na skrubu ndefu katikati. Fundi huchomeka mkono wa kuzungushia kutoka juu ya meza, na mota hupanda au kushuka kwa kiasi anachokitaka.

Anayeanza kwa kununua lifti, kisha akatafuta rauta ya kuitosha, ameuanzia uchaguzi mwisho. Mpanda uchaguzi huu unaanzia kwenye waya wa umeme.

Kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa, hadi ilipojengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Lakini hata gridi ikiwa karibu, nyumba iliyo mbali na transfoma ya mtaa hupata volti pungufu jioni, kila mtu anapowasha vyake. Rauta ya wati 2100 hutaka ampea zaidi ya 9 kwa volti 230. Ikilishwa kwa waya mwembamba uliovutwa kutoka soketi ya sebuleni hadi uani, inapoteza nguvu kabla haijagusa mbao. Fundi husikia mota ikilemewa, hudhani biti imekuwa butu, naye husukuma mbao kwa nguvu zaidi. Mkato unatoka na alama za kuungua, na mota inapata joto. Waya wa milimita za mraba 2.5, mfupi kadiri inavyowezekana, utamsaidia fundi huyo kuliko lifti yoyote ya bei kubwa.

Baada ya umeme ndipo mota. Lifti zinazosifiwa zaidi zinatoka Amerika Kaskazini: JessEm ya Kanada, Woodpeckers na Kreg za Marekani. Ni kazi safi ya chuma, na bei yake huko huko ni mamia ya dola, kabla ya usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Lakini zimepimwa kwa mota za kwao. Nyingi zimechongwa kushika mota ya mviringo yenye kipenyo cha inchi 4.2, kama ile ya Porter-Cable 7518, na mota hiyo hutumia volti 120. Hapa kwetu itahitaji transfoma ya kushusha volti, tena kubwa, ya kVA 3 au zaidi ili isilemewe mota inapoanza. Rauta nyingi za madukani kwetu ni za kuzamisha, zenye nguzo mbili na springi kwa umbo la Makita 3612, na mota za aina hiyo hazichomoki kirahisi kutoka kwenye kitako chake ili ziingie kwenye pete ya lifti. Hata pete za kupunguzia kipenyo zinazouzwa pamoja na lifti hizo haziwezi kuifanya mashine ya nguzo mbili kuwa bomba la mviringo.

Kuna jambo jingine kuhusu 3612, nalo linagusa usalama. Mashine hiyo huzunguka mara 22,000 kwa dakika na haina kidhibiti cha mwendo. Kwa biti ndogo ya kuchimba mfuo, mwendo huo unafaa. Biti ya kuchonga kingo za paneli, yenye kipenyo cha milimita 89, ikizungushwa kwa mwendo huo ncha yake inakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Ikipunguzwa hadi mizunguko 10,000 inashuka chini ya mita 47, na huo ndio mwendo ambao biti za ukubwa huo zimekusudiwa. Fundi wa milango ya paneli asiye na kidhibiti cha mwendo asinunue biti hiyo, na asiazime. Lifti haimkingi kwa lolote hapo.

Ipo rauta inayomwondolea mtu nusu ya maswali haya. Triton TRA001 ya wati 2400, inayouzwa Uingereza kwa umeme kama wetu, ina skrubu ya kupandishia ndani ya mwili wake, na mkono wake wa kuzungushia hupita kwenye tundu dogo la bamba la meza. Ina kidhibiti cha mwendo. Inapopandishwa hadi mwisho, koleti, yaani mdomo unaoshika shina la biti, hutokeza juu ya meza, hivyo biti hubadilishwa bila kuinama. Kwa karakana ya nyumbani yenye uwezo wa kuagiza kitu kimoja tu kutoka nje, ningechagua hiyo kabla ya lifti. Udhaifu wake ni vipuri. Mpanda iko mwisho wa tawi la reli linaloanzia Kaliua, na kipuri kisicho cha kawaida kitaagizwa Dar es Salaam au mbali zaidi. Kaboni na beringi ndivyo vinavyochakaa kwanza, kwa hiyo viagizwe pamoja na mashine.

Kwa fundi aliyekwisha kuwa na rauta ya nguzo mbili inayofanya kazi vizuri, njia ninayoiamini ni kutengenezewa lifti hapa hapa. Katavi ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na palipo na makarasha ya kusaga mawe pana wachomeleaji na wakerezaji wanaozoea kunyoosha shafti na kubadili bushi. Kazi ya lifti haiwazidi. Inatakiwa fimbo ya nyuzi, nati ndefu, bamba la chuma la milimita 6 na beringi ya kubeba uzito. Kwa rauta ya kuzamisha hata nguzo hazihitajiki, maana mashine ina zake. Skrubu inasukuma tu mwili wa mota kutoka chini. Fimbo ya M10 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.5, yaani mzunguko mmoja kamili hupandisha biti milimita 1.5 na robo mzunguko chini kidogo ya milimita 0.4. Huo ni usahihi wa kutosha kabisa kwa mfuo na ulimi wa mninga.

Watu wengine hutumia jeki ya mkasi ya gari dogo. Inabeba uzito bila shida, lakini haipandi kwa hatua sawa: ikiwa imelala, mzunguko mmoja huinua kiasi kimoja, na ikisimama huinua kiasi kingine. Fundi hawezi kujifunza mkono wake. Fimbo iliyonyooka humpa jibu lile lile kila siku, naye baada ya muda hujua bila kupima kwamba nusu mzunguko ndiyo tofauti kati ya ulimi unaogoma na ulimi unaoingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Springi za rauta ziangaliwe kabla ya kufunga. Mashine ikiwa imesimama kawaida, springi huinua mota mbali na mbao. Ikigeuzwa, springi hizo hizo husukuma mota chini, zikisaidiana na uzito wake, na skrubu hupigana na vyote viwili. Kutoa springi moja, kama mashine inaruhusu, hupunguza kazi ya mkono. Zote zikitolewa, uzito wa mota peke yake bado unatosha kuibana nati upande mmoja wa nyuzi, ndiyo maana hata skrubu yenye mchezo kidogo huweza kutoa kimo cha kuaminika. Sharti ni kwamba kila marekebisho yamalizikie kwa kupandisha. Ukipitiliza, shusha mzunguko mzima, kisha panda tena hadi alama, halafu kaza kufuli. Lifti isiyo na kufuli isikubaliwe, kwa sababu mtetemo wa mizunguko 20,000 hushusha skrubu polepole, na fundi hugundua kwenye kipande cha mwisho.

Vumbi la mninga ni laini sana na huwasha pua na kifua. Wapo wanaopata pumu kwa sababu yake. Barakoa si hiari. Vumbi hilo hilo huingia kwenye nyuzi za skrubu, na ukiwa umepaka grisi hugeuka tope gumu linalokwangua chuma. Nyuzi zisuguliwe kwa mshumaa mkavu na kupigwa brashi kila wiki. Wakati wa masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, meza ya MDF isiyopakwa rangi chini na kingoni hunyonya unyevu na kuvimba, na bamba lililokaa sawasawa mwezi Septemba huonekana limezama mwezi Februari. Bamba liwekewe skrubu ndogo za kusawazisha kwenye pembe zake nne.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha ni umeme unapokatika kazi ikiendelea. Swichi ya rauta ya mezani kwa kawaida huachwa imefungwa kwenye hali ya kuwaka, kwa kuwa iko chini na haifikiki. Umeme ukikatika, fundi huondoka kunywa chai. Ukirudi, mashine huwaka yenyewe, pengine mtoto akiwa amesimama pale mezani. Karakana ya uani ina watoto. Mafundi umeme wa mashine za kusaga wanajua dawa yake: kontakta yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo huachia umeme ukipotea na haishiki tena mpaka mtu abonyeze. Ifungwe mbele ya meza, kwenye usawa wa goti. Na kila biti inapobadilishwa au kimo kinaporekebishwa, plagi itoke ukutani kwanza.

Si kila karakana inahitaji lifti. Anayetengeneza vitanda na viti, ambaye kazi yake ya rauta ni kulainisha kingo tu, atafaidika zaidi na trima mbili ndogo zilizofungwa chini ya kipande cha ubao, kila moja na biti yake iliyokwisha wekwa kimo. Hatazigusa tena, na bei ya zote mbili ni ndogo. Lifti inalipa pale kimo kinapobadilika mara nyingi kwa siku moja: mfuo, ulimi, kingo za paneli, kisha mfuo wa unene mwingine kwa sababu mbao za leo zimetoka kwa mtu mwingine.

Unapokwenda kununua, beba biti zako na kalipa. Zungusha lifti mara kumi ukipanda na upime. Ikiwa hatua ni milimita 1.5, lazima usome 15. Shika koleti kwa vidole na uitikise pembeni, mota ikiwa juu kabisa, maana hapo ndipo nguzo mbovu hujionyesha. Kisha ingiza shina la biti kwenye koleti. Nusu inchi ni milimita 12.7, na koleti ya nusu inchi haishiki salama shina la milimita 12, ingawa litaingia na nati itakazika. Koleti za ukubwa wa aina zote mbili zinauzwa nchini, na muuzaji asipojua ni ipi iliyo ndani ya boksi, mwombe alifungue kabla hujalipa.