Cheki imerudi na umeshtakiwa? Hivi ndivyo utakavyopata miamala ya anayekudai

Wauzaji wenzangu wa Lushoto, Soni, Mlalo na kwingineko, leo tuongelee cheki.

Chukua mfano huu. Unauza karoti na kabichi mtandaoni, wateja wako Dar. Umechukua mzigo kwa mali kauli, ukaacha cheki ya 3,000,000 kama dhamana. Baadaye ukamlipa mwenye mzigo 2,000,000 kwa simu, kidogo kidogo. Mkakorofishana, akaipeleka cheki benki, ikarudi. Sasa yuko mahakamani, anadai milioni 3 nzima na kusema hajapokea hata senti.

Ukweli uko kwenye akaunti yake. Utaupataje?

1. Anza na taarifa zako. Omba benki au kampuni ya simu ikuchapie miamala yako, yenye tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Meseji za malipo usifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

2. Usipite mlango wa nyuma. Usimwombe rafiki aliyeko benki wala wakala akuchungulizie akaunti ya mtu. Taarifa za mteja ni siri, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utajiongezea kesi.

3. Iombe mahakama. Sheria ya Ushahidi inaruhusu hakimu kuamuru vitabu vya benki vikaguliwe na nakala zitolewe. Bila amri hiyo, benki ambayo haimo kwenye kesi hailazimiki kuvileta.

4. Taja unachotaka. Usiseme "nataka akaunti yake yote". Sema: malipo ya kuanzia tarehe fulani hadi fulani, kutoka namba yangu, yanayohusu mzigo huu. Eleza yanathibitisha nini.

5. Hakikisha nakala imethibitishwa. Ofisa wa benki athibitishe kwamba imetoka kwenye kitabu cha kawaida cha benki na imelinganishwa na asili.

Jua pia hili: kuthibitisha milioni 2 hakufuti milioni 1 iliyobaki. Na kama wewe ndiye mlalamikaji, hesabu zako nazo zinaweza kuitwa, kwa hiyo dai kilichobaki tu.

Kuanzia leo, ukilipa sehemu ya deni, mwandikishane siku hiyohiyo. Ukimaliza, dai cheki yako irudi mkononi. Mambo yakikwama, muone wakili au msaidizi wa kisheria mapema, kabla ya siku ya kesi.