Kibaraza Kabla ya Bustani

Mjenzi wa mjini siku hizi huanza na ukuta. Kiwanja kikishapimwa, tofali za kwanza huenda mpakani, geti hufuata, na nyumba ikishakamilika ndipo mwenyewe anapokumbuka nje. Hupanda ukoka, hupanga pevingi, huweka vyungu viwili vya maua kando ya mlango na kununua viti. Miezi michache baadaye viti vimejaa vumbi, ukoka una mabaka ya manjano, na familia yote imo sebuleni mbele ya televisheni, feni ikizunguka. Watu husema bustani imekosa matunzo. Mimi nasema mambo yaliharibika siku ramani ilipochorwa. Waswahili wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, walijua kukaa nje karne nyingi kabla ya viti vya plastiki, na ujuzi wao haukuanzia kwenye mapambo. Ulianzia kwenye swali la kila mwenyeji: nani anakaribishwa, na anafika hadi wapi? Uwanja wa nyumba usiojibu swali hilo hukaa bila watu, hata ukipambwa vipi.

Tazama nyumba ya mawe ya Lamu. Mtu akitoka uchochoroni hafiki ndani moja kwa moja. Kwanza kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, ambamo mwenye nyumba hukaa na aliyekuja kwa shughuli fupi, au na jirani aliyekuwa akipita tu. Akivuka mlango wa mbao uliochongwa anaingia tekani, kipito kilichopindishwa makusudi ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kupinda ndipo kiwanda, ua wa ndani usio na paa unaoleta mwanga na upepo, na vyumba hufuatana nyuma yake kutoka cha wageni hadi cha faragha kabisa. Mpango huu una asili ya mbali. Magofu ya Gede karibu na Malindi, mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, yamejaa nyua za namna hii mbele ya vyumba, na Husuni Kubwa kule Kilwa, jumba la karne ya 14, lina nyua zilizoshushwa chini zenye ngazi za kukalia, na birika la pembe nane. Waliojenga hivyo walikuwa wafanyabiashara na masultani waliopokea watu wa kila aina, na hawakutaka kila aliyepokewa afike chumbani.

Adabu ya hodi yenyewe inategemea mpangilio huu. Anayekuja kuketi barazani hapigi hodi. Salamu yatosha, masalkheri ya jioni, naye husogezewa nafasi. Hodi huanzia mlangoni, na mwenye adabu akiipiga mara tatu bila kuitikiwa huenda zake. Kwa hiyo mwenyeji ana njia ya kumpokea mtu bila kumwingiza ndani, na mpita njia ana njia ya kutembelea bila kuvamia. Nyumba yenye geti la chuma haina daraja hizo. Mgeni ama yuko barabarani anabonyeza kengele, ama yuko sebuleni anasubiri soda. Katikati hapana kitu. Ndiyo maana ziara imekuwa jambo la kupigiana simu kwanza, na jirani wa miaka mitano anajulikana kwa rangi ya gari lake.

Pengine msomaji anadhani haya ni mambo ya matajiri wa nyumba za mawe. Sivyo. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam ilifuata utaratibu uleule kwa udongo, miti na makuti, baadaye kwa saruji na bati: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati wenye vyumba pande zote mbili, na uani nyuma kwenye jiko, bafu na choo. Uani ndiko nyumba inakoishi mchana. Huko mchele hupepetwa kwenye ungo, nazi hukunwa juu ya mbuzi, nywele husukwa, mtoto huogeshwa kwenye karai. Nyumba ikiwa na wapangaji sita, kila mmoja na chumba chake, uani ndiko wanakokuwa majirani, na ndiko pia ugomvi wa zamu ya kufagia unakozuka. Hakuna haja ya kuipamba picha kupita kiasi. Ila angalia samani za uani. Kuna mkeka, jamvi, kigoda, ndoo iliyopinduliwa. Vyote huja na mtu, huhama na kivuli, na jioni huingizwa ndani. Mtu anayenunua seti nzito ya viti na kuibandika mahali pamoja ameamua kwamba jua litamfuata yeye.

Baraza lenyewe lastahili kutazamwa kwa karibu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ni benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele, kimo chake hufika magotini, limepigwa chokaa au saruji na kulainishwa na kukaliwa kwa vizazi. Upana wake unamtosha mtu kukunja miguu, au kuweka bao kati ya wachezaji wawili huku watazamaji wakiegemea ukutani. Jioni muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata pembeni. Mvua za masika zikigeuza vichochoro kuwa mito, watu hupita juu ya mabaraza kutoka mlango hadi mlango bila kulowa miguu. Hapa kitu kimoja cha mawe ni kiti, njia na ukumbi wa habari, na matunzo yake hayazidi ufagio na chokaa. Bustani ngapi za kisasa zinafanya kazi tatu?

Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu uko Michenzani, hukohuko Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa pale, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, maghorofa marefu ya zege yaliyokusudiwa kuwatoa watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwenye vibanda na kuwatia katika maisha mapya. Ghorofani baraza la mlangoni haliwezekani. Basi watu walishuka chini wakajitengenezea maskani zao, penye kivuli, penye mahali pa kuketi na kubishana siasa na mpira. Hakuna mila iliyowalazimisha. Walikuwa na vyumba vya kutosha kukaa humo kutwa; walichokosa ni mahali pa katikati, nao wakapatengeneza kwa mikono yao. Hitaji linalomfanya mtu ashuke ngazi za ghorofa tano ili akae kwenye kipande cha ubao halitokani na mazoea peke yake.

Bustani nayo? Ipo, na pwani ina ustadi wake. Mimea ya nyumba ya Kiswahili huchaguliwa kwa kazi yake: mhina kwa mikono ya bibi harusi, mrehani na asumini kwa harufu, mlangilangi na mkilua kwa anayetaka manukato zaidi, mpapai na mlimau kwa jikoni, mwembe au mkungu kwa kivuli. Vitumba vya asumini huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba, hutungwa kwa sindano na uzi, na usiku hufunuka vikiwa tayari nyweleni au kitandani. Anayevichuma asubuhi amechelewa. Vikichanganywa na waridi na majani ya mrehani hufungwa kikuba. Kwa hiyo mti wa asumini hauwezi kupandwa kwenye kona ya mbali ya kiwanja ili upendeze kutazamwa dirishani. Hupandwa mkono unapofika, karibu na mlango wa uani, na huishi muda mrefu kwa sababu kila siku kuna mtu mwenye haja nao. Mmea wenye kazi haukosi wa kuumwagilia.

Ukoka una historia nyingine. Bustani ya nyasi pana mbele ya nyumba iliota mizizi hapa kwenye mitaa ya maofisa wa Kiingereza, mfano Oysterbay ya Dar es Salaam, ambako viwanja vilikatwa vikubwa na watumishi walikuwapo wa kumwagilia na kukata. Ilikuwa picha ya hadhi, na hadhi hiyo ndiyo tunayoirithi kwenye viwanja vidogo visivyo na mtumishi. Mwishoni mwa 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam kuingia kwenye mgao, kila mwenye ukoka alilazimika kuchagua kati ya nyasi na ndoo za kuogea. Sina chuki na nyasi, watoto wanazipenda. Nakataa tu kuziita mahali pa kukaa. Saa nane mchana hakuna mtu anayeketi kwenye ukoka usio na kivuli, na pwani yetu ina saa nane nyingi.

Jua na upepo vina kanuni ambazo mafundi wa zamani walizijua bila kuziandika. Karibu na ikweta kuta zinazochomwa mwaka mzima ni za mashariki na magharibi, kwa hiyo mti mmoja upande wa magharibi una faida kuliko miavuli mitatu. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, kaskazi huja kutoka upande wa pili kuanzia Desemba hadi Machi, na anayekaa nje anahitaji vyote viwili vimfikie. Ukuta mzima wa mita mbili na nusu huvizuia kwa kimo kilekile cha mtu aliyeketi. Halafu mwenye nyumba hushangaa kwa nini uwanja wake una joto kuliko barabara.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo si la kupuuzwa: wezi. Nani atavunja ukuta wake ili afurahishe wanamila? Sijasema uvunjwe. Nasema usijengwe kwanza, na usijengwe mzima. Tofali zenye matundu kuanzia kiunoni kwenda juu hupitisha upepo na macho, na macho ni ulinzi. Mwizi akisharuka ukuta mrefu, ukuta huohuo humficha. Hakuna jirani anayemwona. Mtaa wenye watu barazani hadi saa nne usiku una walinzi wasiolipwa mshahara. Kibaraza kinaweza kujengwa nje ya geti, kikiegemea ukuta, chini ya kipaa cha bati au makuti, na nyumba ikabaki imefungwa kama mwenyewe apendavyo.

Pingamizi la pili ni umbea na uvivu, kwamba baraza huzaa vijana wasiofanya kazi na wazee wasiokwisha maneno. Sehemu yake ni kweli. Lakini kijana asiye na kazi hapati kazi kwa kufungiwa ndani, na fundi, dalali na bwana harusi wengi wamepatikana kwa habari za barazani. Linalonisumbua zaidi ni la tatu: baraza la mbele lilikuwa la wanaume, na mwanamke alibakiwa na uani, mahali pa kazi kuliko pa mapumziko. Hili sitalitetea. Ila mila yenyewe imeshaanza kujirekebisha. Uswahilini asubuhi, kibaraza ni cha mama wa vitumbua na maandazi, na jioni wanawake husukana hapo mbele bila kuomba ruhusa ya mtu. Kinachofaa kuchukuliwa kwa wazee ni zile daraja za ukaribisho. Mgawanyo wa nani aketi wapi unaweza kuachwa walikouacha.

Kuna na mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, saa zilezile za kukaa nje. Huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: visahani chini ya vyungu vya maua, makopo, matairi. Anayependa vyungu na avimwage visahani vyake kila wiki, au aachane navyo apande ardhini. Ni sababu nyingine ya kuwa na mimea michache yenye kazi kuliko vyungu ishirini vya kutazamwa.

Mwenye kiwanja cha futi hamsini kwa hamsini atasema hana nafasi. Kibaraza cha mita tatu kina upana wa nusu mita, na hata mwenye ghorofa ana kipande cha ardhi mlangoni pa kuingilia anachoweza kukubaliana na wenzake kukitia benchi na mwarobaini. Basi wewe unayejenga mwaka huu, kaa na fundi wako kabla msingi haujachimbwa. Mwonyeshe atakapokaa mgeni asiyeingia ndani, mwonyeshe jua linapotua, mwambie apange tofali za kibaraza kabla ya zile za ukuta. Ukoka, ukiutaka, utaupanda baadaye.