Akili Mnemba na Mwandishi wa Programu: Nani Atabeba Dhamana?

Himdi zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam).

Ama baada ya hayo. Wazazi wa Unguja na Pemba wanatuuliza: kuna faida gani kumvusha mtoto bahari akasome kompyuta Morogoro Mjini, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, ilhali akili mnemba inaandika programu yenyewe? Karafuu ziuzwe, ada ilipwe, kisha kijana akose kazi?

Ni kweli, tangu ilipotoka ChatGPT Novemba 2022, kazi nyingi zilizokuwa zikichukua siku nzima humalizika kwa dakika. Kijana anayejua kunakili tu, nafasi yake inabanwa. Lakini kuandika ni sehemu moja ya kazi. Sehemu kubwa ni kulifahamu jambo na kubeba dhamana yake.

Tuchukue programu ya kugawa mirathi. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, na shilingi milioni 42 baada ya madeni na wasia. Mume ana nusu, milioni 21. Dada wana thuluthi mbili, milioni 28. Jumla ni milioni 49, mali haitoshi! Hapa huingia aul: mafungu 6 hupandishwa yakawa 7. Mume hupata 3, yaani milioni 18, na dada 4, yaani milioni 24.

Mashine inaweza kuandika programu safi, ikafanya kazi bila kukwama, na ikaacha aul. Nani atatambua? Ni aliyesoma hesabu akaielewa, na akawauliza wenye elimu ya mirathi.

Na haki ya mtu ikipotea, nani atadhamini? Kwa mujibu wa hadithi aliyoipokea Abu Daud, ajitiaye utabibu bila ya kuujua hudhamini madhara yake. Tunaona hili linafanana nalo: mashine si mukallaf, haina dhima. Dhima ni ya aliyeitumia.

Kwa hiyo, akili mnemba itapunguza mikono, lakini haitabeba amana. Mpelekeni mtoto, kwa sharti asome misingi kikwelikweli. Na kazi aliyofanyiwa na mashine asimpelekee mwalimu kama yake. Huo ni udanganyifu, na mwisho wake ni shahada isiyo na ujuzi.

Wa Allahu A‘lam.