Kuotesha Nywele kwa Upasuaji: Yapasayo Kujulikana Kwanza

Alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzu Amma alipokuwa mtoto. Akavua kofia, nikaona utosi wake umebaki mtupu, hali ya kuwa hajatimiza miaka thelathini. Yu karibu kuoa, naye ataka kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake aende Istanbul, Uturuki, akaoteshwe nywele. Akaniuliza: "Maalim, yafaa?" Nikamwomba muhula, nikawauliza wanavyuoni na matabibu. Niliyoyapata nayaandika hapa ili yawafae na wengine.

Ama hukumu yake, Mtume (s.a.w.) alikataza kuunganisha nywele kwa nywele nyingine. Lakini hili si kuunganisha. Ni kuhamisha nywele za mtu mwenyewe zikaota pahala pengine, nako ni kuondoa ila, si kubadili umbo. Baraza la Kimataifa la Fikihi lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilijuzisha kupandwa nywele kwa aliyeangukwa nazo, khasa mwanamke. Basi jambo lenyewe lafaa. Lililobaki ni kujua litakavyokuwa.

Nywele za kisogoni kwa kawaida hazianguki kama za utosini, na zikihamishwa huendelea na tabia yake ile ile. Tabibu Norman Orentreich wa New York ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1959. Njia ni mbili: hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo kisha pakashonwa, pakabaki kovu la mstari, au mizizi hung'olewa kidogo kidogo, ikabakisha vidoto. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, naye yu macho. Kazi yaweza kuchukua siku nzima, basi na apatane na tabibu mapema ili Adhuhuri na Alasiri zisimpite.

Siku za mwanzo kichwa huwa na vigaga, na nywele zilizopandwa hazitaki kuguswa. Katika udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafii, kupaka sehemu ndogo tu ya kichwa kwatosha, basi na apake pasipo jeraha. Akilazimika kuoga janaba, aoshe awezapo, na kwa pale palipo jeraha atayamamu. Tabibu mwaminifu akimwonya kuwa kusujudu kutamdhuru, na asali kwa ishara mpaka apone. Dini ni nyepesi.

Vigaga huanguka baada ya siku kama kumi. Kisha, katika wiki zifuatazo, nywele zilizopandwa nazo huanguka! Hapo wengi hufadhaika wakadhani wameibiwa. Sivyo, mzizi umebaki ndani. Nywele mpya huanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili haionekani mpaka upite mwaka au zaidi.

Tena yako mambo ambayo wauzaji hawayasemi sana. Nywele za kisogo zina mwisho, wala haziwezi kuujaza upara mkubwa wote. Nywele zisizohamishwa zaweza kuendelea kuanguka, hata ikahitajiwa dawa ya siku zote au upasuaji wa pili. Nywele zetu za kipilipili zina mizizi iliyopinda chini ya ngozi, na mkono usiozoea huikata. Na mwenye asili ya kupata makovu yanayovimba na kukua, ajihadhari sana. Mwanamke aliyenyonyoka kwa misuko ya kukaza aache kwanza misuko hiyo. Mwenye mapunye, au upungufu wa damu, atibiwe ugonjwa wake kabla ya lolote.

Mwisho, twakumbuka hadithi ya watu watatu wa Bani Israili. Mwenye upara alipanguswa na malaika akaota nywele nzuri, akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Mali ilipozidi akaombwa ng'ombe mmoja, akanyima, akakana kuwa aliwahi kuwa na upara. Hakuonywa kwa kutaka nywele. Alionywa kwa kunyima na kuikana hali yake ya jana.

Kwa hiyo nilimwambia kijana yangu: usikope kwa riba, usiuze urithi kwa pupa, wala usimfiche mchumba. Alikwenda kwa wazazi wa binti, akavua kofia mbele yao. Posa haikuvunjika, na kiwanja hakijauzwa. Akitaka kwenda Istanbul, atakwenda kwa akiba yake, na mkewe yuajua.

Wallahu aalam.