Tusiwavue Wanafunzi Viatu kwa Jina la Ubingwa

Muhula uliopita nilihudhuria mashindano ya riadha ya shule za msingi. Kabla ya mbio za mita 1,500, mwalimu mmoja, mtu mwenye bidii na nia njema, aliwaamuru wanafunzi wake wote wavue viatu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba mabingwa wetu walilelewa wakikimbia pekupeku, na kwamba sasa hata wataalamu wa ng'ambo wamekiri kuwa kiatu ni adui wa mkimbiaji.

Hoja yake haikosi msingi. Mnamo 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani. Waligundua kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, ilhali aliyezoea soli nene hutanguliza kisigino. Atuaye kwa mbele huepukana na kile kishindo cha ghafla kinachopanda mguuni kisigino kinapogonga ardhi.

Hata hivyo, mzigo huo hautoweki. Huhamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Misuli isiyozoea kazi hiyo huumia. Mnamo 2013, watafiti wa Marekani waliwachunguza wakimbiaji waliohamia viatu vyepesi mno kwa muda wa majuma 10, wakaona dalili za madhara ndani ya mifupa ya nyayo zao kuliko za wenzao waliobaki na viatu vya kawaida. Mwaka uo huo, utafiti mwingine ulionyesha kwamba Wadaasanach wengi wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, hutua kwa kisigino wanapokimbia kwa mwendo wao wa kawaida. Basi ule mtindo unaoitwa wa asili si mmoja.

Hapana shaka mwalimu yule angenitajia Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini Bikila alishinda tena Tokyo mwaka 1964, safari hii akiwa na viatu, na kwa muda mfupi zaidi. Naye Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, alivaa viatu vya soli nene ajabu.

Lugha yetu husema "miguu mitupu", kana kwamba mguu usio na kiatu ni chombo kilichopungukiwa na kitu. Kwa watoto wetu wengi usemi huo si tamathali. Walikimbia hivyo kwenda shuleni kwa kuwa nyumbani hapakuwa na viatu, na pamoja na nguvu za nyayo walivuna pia funza, safura, na vidonda viwezavyo kuleta pepopunda. Mtalii wa Ulaya akivua viatu bustanini anafanya uchaguzi. Mtoto huyu hakuchagua.

Sisemi kwamba asiye na viatu azuiwe kushindana. Ikiwa amezoea, na akimbie, na asiaibishwe. Aliyezoea viatu naye aachwe navyo. Anayetamani kubadili aanze na dakika chache kwenye nyasi, aongeze kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na apumzike shavu la mguu likiuma. Mwalimu naye azunguke uwanjani mapema kuokota vigae vya chupa na miiba. Siku ile hakuna aliyezunguka.

Katika mzunguko wa tatu, msichana mmoja wa shule ya mwalimu yule alitoka njiani na kuketi kando, wayo ukivuja damu. Jioni nilimwona akichechemea kuelekea kwenye basi, viatu vyake vikining'inia shingoni kwa kamba zake.