Xiao: Wajibu wa Mwana kwa Mzazi katika Historia ya Uchina

Mara kwa mara husikika kauli kwamba Wachina huwatii wazee "kwa asili yao". Kauli hiyo si mpya. Mwaka 1894 mmisionari wa Kimarekani, Arthur Smith, alichapisha kitabu Chinese Characteristics, ambamo sura nyingi zimepewa majina ya sifa za taifa zima, kana kwamba tabia ya watu huorodheshwa kama bidhaa ghalani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kulifuata neno moja tu, kwamba tabia hiyo ililelewa na sheria, ikalindwa kwa fimbo, tena ikabishaniwa vikali na Wachina wenyewe.

Neno lenyewe ni xiao. Alama yake ya maandishi ina sehemu mbili: juu mzee, chini mtoto, kama kwamba mtoto anamtegemeza mzee. Mfasiri wa Kiswahili hupata taabu hapa. "Utii" haitoshi, kwa kuwa xiao hudai pia kumlisha mzazi, kumzika na kumtambikia. "Heshima" ni pana mno, maana hata mgeni huheshimiwa. Kwa hiyo tumesema "wajibu wa mwana kwa mzazi", ingawa ni maneno mengi mahali pa moja. Msamiati wa ukoo, kwa upande wake, hautusumbui: ndugu ya baba aliyemtangulia kuzaliwa huitwa bo, aliyemfuata huitwa shu, nasi tuna baba mkubwa na baba mdogo.

Confucius (551-479 K.K.) aliuweka wajibu huo katika msingi wa maadili. Lakini mafundisho peke yake hayaumbi tabia. Mwaka 134 K.K. Kaisari Wu wa nasaba ya Han aliagiza majimbo yapendekeze kwa utumishi watu waliosifika kwa xiao na kwa uadilifu. Hivyo wema wa nyumbani ukawa mlango wa cheo na, bila shaka, wa unafiki. Sheria ya nasaba ya Tang ya mwaka 653 ilikwenda mbali zaidi: aliyewatukana wazazi alinyongwa, aliyewapiga alikatwa kichwa, na aliyejitenga na nyumba yao na kugawa mali wangali hai alihukumiwa kazi ngumu miaka mitatu.

Ugumu wa jambo hili haudhihiriki popote vizuri kuliko katika kisa cha Zhang Juzheng, waziri mkuu wa nasaba ya Ming. Mwaka 1577 baba yake alifariki. Kanuni ilimtaka kila mtumishi wa dola aliyefiwa na mzazi aache kazi, arudi kwao na kukaa matanga miezi 27. Kaisari Wanli, kijana wa miaka 14 tu aliyefundishwa na Zhang mwenyewe, alimwamuru abaki. Zhang akabaki. Ndipo watumishi kadhaa wakaandika kumlaumu kuwa amemtupa baba yake, na wawili kati yao, Wu Zhongxing na Zhao Yongxian, walikuwa wanafunzi wake waliofaulu mtihani chini yake. Walichapwa fimbo na kufukuzwa kazini.

Ni nani hapo aliyeshika mila? Zhang alimtii kaisari akamkosea baba. Wanafunzi walimtetea baba wa mwalimu wao wakamvunjia heshima mwalimu, naye katika mila hiyohiyo huhesabiwa kama mzazi. Kila upande ulinukuu vitabu vilevile. Zhang alifariki mwaka 1582, na muda mfupi baadaye mali yake ikatwaliwa na kaisari yuleyule.

Mwaka 1918 Lu Xun, katika hadithi yake ya mwendawazimu, aliyaonyesha maadili hayo ya kale kama ulaji wa watu, na vijana wengi wasomi walimfuata. Hata hivyo neno halikufa. Tarehe 1 Julai 2013 sheria ilianza kuwataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wazee wawatembelee au wawasalimu mara kwa mara. Siku ileile mahakama moja mjini Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake angalau mara moja kila miezi miwili.